Matokeo Bila Tarehe, Alama Bila Sababu: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Elimu ya Sheria

Kwa Wakuu wa Shule na Vitivo vya Sheria, Baraza la Elimu ya Sheria, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Waheshimiwa,

Shikamooni.

Anayewaandikia ni mwanafunzi wa shahada ya sheria, mwaka wa tatu, anayesubiri matokeo ya mtihani ambao huenda amefeli. Somo ni Mwenendo wa Mashauri ya Madai, yaani taratibu za kuendesha kesi zisizo za jinai, lile ambalo kila aliyepita kitivo cha sheria akilisikia hukunja uso kidogo. Chuo changu sikitaji. Nikikitaja, mjadala wote utahamia huko na wengine watashusha pumzi wakidhani hawahusiki. Jina langu nalo nimeliweka kando. Najua barua isiyo na jina haipokelewi na msajili yeyote wa mahakama, lakini mtaelewa kwa nini mtu anayesubiri alama haoni busara kujitaja kwa wanaozitoa.

Nianze na nisichokiomba, tusije tukapotezeana muda. Siombi mtihani ulainishwe. Siombi alama za huruma. Mama aliyedhulumiwa kiwanja chake hana haja na wakili aliyesukumwasukumwa mpaka akavaa joho; anamhitaji mtu anayejua lini unakata rufani, lini unaomba mapitio na lini unaomba marejeo, kwa sababu ukichanganya hayo shauri linatupwa na mteja anabebeshwa gharama. Ugumu wa sheria tuliukubali siku tuliyojaza fomu za kuomba chuo. Ninacholalamikia ni giza. Hofu yetu kubwa inaletwa na kutojua: hujui matokeo yatatoka lini, hujui ulikosea wapi, hujui ukianguka atakupokea nani. Na giza hilo linaondoleka bila kugusa hata swali moja la mtihani.

Oktoba 2022 mnaikumbuka. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, yalisambaa nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Kila mtu akawa na lake la kusema. Wapo waliosema vyuo vikuu vinatoa wahitimu wabichi, wapo waliosema taasisi inakomoa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimedahiliwa, begi halijafungwa.

Namba hizo tatu tumeishi nazo tangu siku ya kwanza chuoni. Mhadhiri akitaka darasa litulie, anazitaja. Mwenzako akikukuta umesinzia juu ya madesa maktaba, anazitaja. Mtu wa mwaka wa kwanza ambaye hata tofauti ya jinai na madai haijamkaa sawasawa, tayari anajua kwamba kuna mlango mbele yake ambao siku moja walipita 26. Zilijadiliwa sana kama kipimo cha ubora wa elimu, na ni haki zijadiliwe hivyo. Lakini katika kelele zote zile sikulisikia swali la wale 265 wenyewe: walilala vipi usiku ule, na asubuhi yake walimpigia nani simu.

Kuna wanaodhani hofu ya mtihani ni uvivu uliotafutiwa jina zuri. Sivyo. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za kukuandaa upigane au ukimbie: moyo unakwenda mbio, tumbo linachafuka, viganja vinalowa. Ni utaratibu mzuri sana ukikutana na nyati. Mbele ya karatasi ya maswali unakuponza, kwa sababu ile sehemu ya akili inayoshika mambo mawili matatu kwa pamoja wakati unafikiri inajaa wasiwasi, na swali linakosa pa kukaa.

Nitoe mfano wa somo lenyewe. Kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, ya mwaka 1969, inahusu zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha jambo wakati shauri linaendelea. Masharti ya kulipata ni matatu: pawe na jambo la msingi la kuamuliwa baina ya wadaawa, yaani pande za shauri, mwombaji awe katika hatari ya kupata hasara isiyofidika, na ionekane kwamba yeye ndiye atakayeumia zaidi zuio likinyimwa kuliko mwenzake likitolewa. Haya nayaandika bila kufungua daftari. Lakini siku ya mtihani tulipokuwa tumesimama koridoni tukisubiri mlango ufunguliwe, mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti, "Jamani, Atilio ana masharti mangapi?" nikajikuta ninayo mawili. La tatu lilirudi jioni, nikiwa kwenye daladala, wakati halina kazi tena.

Hilo korido lenyewe ningependa mlitazame. Tunasimama pale nusu saa na zaidi, watu mia na kitu, na kila mmoja anamwaga hofu yake kwa jirani. Mmoja anataja kesi usiyowahi kuisikia, mwingine anasema swali la kwanza lazima liwe la kukaza hukumu, wa tatu ameshaanza kutapika. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science kuonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu waliopewa takriban dakika kumi za kuandika wasiwasi wao kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Dakika kumi na karatasi chakavu. Siwaambii mlete mashine. Fungueni mlango mapema, watu wakae kwenye viti vyao, simu na madesa vibaki nje, kila mtu awe na kimya chake na kipande cha karatasi. Hakuna bajeti ya kupitishwa hapo.

Sasa nije kwenye kusubiri, ambako ndiko ninakoishi wiki hizi.

Mlitufundisha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Amri ya XX, kanuni ya 1, inaitaka mahakama ikishasikiliza shauri isome hukumu papo hapo, au siku nyingine ambayo wadaawa watapewa taarifa yake. Aliyetunga kanuni ile alimfahamu binadamu. Alijua kwamba mtu anayengoja uamuzi anaweza kuvumilia miezi, ilimradi ajue anavumilia mpaka lini. Sisi tunaambiwa "hivi karibuni". Basi Ijumaa inakuja na uvumi wake, Jumatatu na wa kwake. Mtu anaweka kwenye grupu la WhatsApp kwamba mfumo umeanza kufunguka, na watu mia mbili wanaingia kwa mpigo mpaka mfumo unalala. Saa nane za usiku unajikuta umeshika simu unaandika namba ya usajili kwa mara nyingine, mfumo unakujibu kwamba matokeo hayajapakiwa, na unashukuru. Hebu fikirini, mtu anashukuru kwamba bado hajui. Yupo rafiki yangu aliyemkabidhi mwenzake wa chumbani neno lake la siri na kumwambia, "Ukiona mabaya, usiniambie mpaka nile kwanza."

Wekeni tarehe. Iwe ya mbali kiasi mnachotaka, lakini iwe tarehe, na ikishindikana ihamishwe kwa tangazo. Mahakama zenye mashauri chungu nzima zinaweza kumwambia mtu hukumu yake ni tarehe fulani, saa tatu asubuhi. Na ningeomba isiwe usiku wala Ijumaa jioni, maana ofisi zote zinakuwa zimefungwa, na anayefeli Ijumaa jioni anakaa na hilo jambo peke yake mpaka Jumatatu.

Kanuni ya 4 ya Amri hiyohiyo inasema hukumu iwe na maelezo mafupi ya shauri, hoja zilizohitaji kuamuliwa, uamuzi juu ya hoja hizo, na sababu za uamuzi. Sababu! Hukumu isiyo na sababu mlituambia si hukumu, na Mahakama ya Rufani haioni tabu kuirudisha chini. Lakini mimi nikifeli, nitakachopata ni namba mbili na herufi moja. Thelathini na nane, tuseme. Thelathini na nane ya nini? Nilitaja sheria sahihi nikaitumia vibaya? Nilijua kesi nikashindwa kujenga hoja? Niliandika vizuri kwenye swali ambalo halikuulizwa? Kila mojawapo ya makosa hayo ina dawa yake, na mimi nitarudi kwenye sapu, ule mtihani wa marudio, bila kujua naumwa nini, nikisoma vilevile nilivyosoma mwanzo, ila safari hii na hofu maradufu.

Najua jibu. Mtaniambia mtihani si shauri, mwanafunzi si mdaawa, na mahakama zenyewe huwa hazipendi kuingilia usahihishaji. Ni kweli. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotoa haki ya kusikilizwa na ya kukata rufani dhidi ya maamuzi ya mahakama au chombo kingine kinachohusika, sitaipeleka popote kwa ajili ya alama za Mwenendo wa Madai. Nawauliza tu kama walimu: kama kutoa sababu ni ustaarabu mnaotaka tuubebe maisha yetu yote, tutaujifunza wapi kama sisi wenyewe hatujawahi kutendewa hivyo?

Mtaniambia pia kwamba mhadhiri mmoja ana karatasi mia kadhaa. Hilo nalikubali bila ubishi, nimewaona wakizibeba kwa maboksi. Basi tuanzie padogo. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali: watoto waliulizwa nini, wengi walijibu nini, walikosea wapi na kwa nini. Linafanya hivyo hata kwa darasa la saba. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaelezwa taifa zima lilivyokosea kwenye sehemu na desimali, halafu mtu mzima anayeandaliwa kuwa wakili anaambiwa thelathini na nane. Ukurasa mmoja kwa kila somo, ulioandikwa na aliyesahihisha, ungetosha. Na anayefeli apewe nafasi ya kuiona karatasi yake mwenyewe, hata kwa robo saa, hata mbele ya msimamizi, kabla ya tarehe ya sapu.

Kuhusu nyumbani nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mlitoka kwenye nyumba kama zetu. Kijijini kwetu mimi ni "wakili" tangu siku nilipopata udahili. Baba mdogo ana mgogoro wa shamba, na kila akipiga simu anauliza aende kusema nini Baraza la Kata; nimeshamweleza kwamba tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, hawaamui tena, naye amejibu kwamba ndiyo maana wananisubiri nimalize. Kuna wanaosoma kwa bumu la Bodi ya Mikopo na wanajua kwamba ukirudia mwaka fedha zinaweza kusimama. Kuna ambao ng'ombe waliuzwa. Mtu wa namna hiyo akiingia chumba cha mtihani haingii peke yake, na akifeli hajui aanze kumwambia nani.

Hapa naomba mnisome taratibu.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alifika mahali pabaya. Sitaeleza zaidi ya hapo, na yuko salama. Tulipomshauri aende kwa Mshauri wa Wanafunzi alikataa, na sababu yake ilikuwa ya kisheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, bado inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tulifundishwa kifungu hicho darasani, tukajibia maswali. Aliogopa kwamba maneno atakayoyasema yataandikwa kwenye faili, faili litakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na siku atakapoomba kusajiliwa kuwa wakili mtu atalitoa na kuuliza kama kweli anafaa. Nimejaribu kumweleza kwamba kuwaza si kosa, kwamba kifungu kinazungumzia jaribio, kwamba kuongea na mnasihi ni tiba. Yote hayo anayajua kuliko mimi, ana alama nzuri za Jinai. Woga haukuwa kwenye kifungu. Ulikuwa kwenye kutojua nyinyi mtakifanyia nini alichokisema.

Wenzetu wa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu, ndugu wa kifungu chetu cha 217, kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi hatujafika huko, na kubadili Kanuni ya Adhabu si kazi ya mkuu wa kitivo. Lakini kuandika aya tatu na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo ni kazi yake: kwamba mwanafunzi akizungumza na mnasihi, mazungumzo hayo hayaendi kamati ya nidhamu, hayaingii kwenye faili la taaluma, na hayahusiani na maombi ya uwakili. Mnasihi mwenyewe asiwe mhadhiri anayesahihisha karatasi zetu, na asiwe mtu anayepatikana Jumanne peke yake. Na kama chuo hakina uwezo wa kumwajiri, kiwe na makubaliano na hospitali ya karibu yenye kliniki ya afya ya akili, namba ya simu iandikwe nyuma ya kitambulisho. Katika yote ninayoyaomba kwenye barua hii, hili ndilo ambalo lingepaswa kuwa limefanyika jana.

Huku tukisubiri tunajitibu kienyeji. Wengine wanaswali na kufunga, wengine wanapiga msuli mpaka alfajiri kwa kahawa na vinywaji vya kuamsha mwili, halafu wanashangaa mikono inatetemeka. Usiku mmoja nilipoona usingizi haupo niliamua kufanya kitu ambacho, kwa mwanafunzi wa sheria, ilikuwa aibu kwamba sijakifanya mapema: nilifungua kanuni za mitihani za chuo changu nikazisoma kama ninavyosoma sheria, kifungu kwa kifungu. Kichwani nilikuwa na mlolongo mmoja tu, nimefeli, nimedisko (yaani nimeondolewa chuoni), narudi nyumbani. Kanuni hazisemi hivyo. Zinasema nikifeli somo moja nafanya sapu Septemba. Nikifeli sapu kuna utaratibu mwingine. Kudisko kuko mbali kabisa na hapo. Nilichora hatua zote kwenye karatasi, na chini ya kila hatua nikaandika ningemwambia nani na ningesema nini. Kisha nikampigia dada yangu mkubwa, nikamwambia kuna somo sina uhakika nalo. Akauliza, "Ukifeli unarudia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa unalia nini? Umekula?"

Hofu haikuondoka. Ilipungua mpaka kiasi ambacho ninaweza kukaa nacho mezani nikasoma. Lakini kanuni zile zilikuwa zinakaa kwenye tovuti kama faili la kurasa nyingi ambalo hatukuwahi kusomewa, si wiki ya kupokelewa wanafunzi wapya, si wiki ya mitihani. Saa moja ya kutufafanulia kila mwanzo wa mwaka, nini hasa kinatokea mtu akifeli, ingewapunguzia wengi usiku kama ule. Nashuku mnaogopa kwamba tukijua kufeli si kifo tutaacha kusoma. Niaminini, waheshimiwa, hatutaacha. Ile hesabu ya 26 bado iko palepale.

Barua hii naituma kabla matokeo hayajatoka, kwa makusudi. Nikifeli ndipo niandike, mtasema ni hasira za aliyefeli. Nikifaulu, nitaambiwa mbona wewe umefaulu, na pengine mimi mwenyewe nitakuwa nimeshaanza kusahau. Leo sijui niko upande gani, na nadhani ndiyo siku ninayoweza kusemea pande zote mbili.

Nitashukuru kwa majibu. Kama hayawezi kuja sasa, naomba mnitajie tarehe.

Wenu katika taaluma,

Mwanafunzi wa Sheria, Mwaka wa Tatu
Dar es Salaam